Ukitunga dansi kuhusu teknolojia, iache simu nje kwanza

Mtunzi anayetaka kutengeneza dansi ya kisasa kuhusu teknolojia, urahisi wa maisha na uhusiano wa watu aghalabu hukimbilia simu: kila mchezaji anapewa yake, taa zinazimwa, nyuso zinamulikwa kutoka chini, na watazamaji wanaelewa papo hapo. Nimeshiriki kazi za aina hii nikiwa mchezaji na baadaye mtunzi, na ushauri wangu ni kwamba simu ikae nje ya chumba cha mazoezi mpaka mwili uwe umepata la kusema. Aliyekwisha kuelewa yote katika dakika ya kwanza hana sababu ya kuingoja ya ishirini.

Anza na mkao. Mwambie mchezaji ashike simu isiyokuwepo, nawe utaona shingo ikiinama, viwiko vikibana mbavuni, na kidole gumba peke yake kikitembea. Kisha mwendo huo wa kidole uhamie kwenye mkono mzima, mgongoni, hadi kiunoni. Niliwahi kuona ishara ndogo ya kupitisha picha ikigeuka, ilipofika kiunoni, kuwa namna ya kumsukuma mtu pembeni; hakuna aliyeipanga, lakini onyesho zima lilijengwa juu yake.

Urahisi wenyewe ni mgumu zaidi kuuonyesha, kwa kuwa jukwaani kinachoonekana ni juhudi. Hapa inasaidia sana mbinu ambayo mchezaji dansi Steve Paxton aliianzisha Marekani mwaka 1972, ambamo wachezaji hugusana na kupeana uzito wa miili yao pasipo hatua zilizopangwa, kila mmoja akitambua kwa ngozi na misuli mwenzake anaelekea wapi. Wazoeshe wawili kuegemeana hivyo mpaka mmoja akiondoka mwingine aanguke, halafu uwatenganishe kwa upana wa kiganja, kisha kwa hatua moja, wakiendelea na mwendo uleule. Sasa hakuna anayechoka wala anayemlemea mwenzake, na watazamaji huona kilichoondoka bila kuambiwa.

Sisemi vifaa vifukuzwe. Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, alianza kutunga kwa programu ya kompyuta akiwa na takriban miaka 70, na katika onyesho lake BIPED la mwaka 1999 maumbo ya mwanga, yaliyotokana na mwendo wa wachezaji halisi, yalielea kwenye pazia jepesi mbele ya jukwaa huku wachezaji wenyewe wakicheza nyuma yake. Kigezo changu ni kimoja: kifaa kisichobadilisha namna wachezaji wanavyocheza ni pambo tu. (Projekta, kwa uzoefu wangu, humeza muda wa mazoezi ya mwisho kuliko kitu kingine chochote.)

Sehemu ya kuegemeana iache iwe ndefu, hata pale inapoanza kuwachosha watazamaji, kwa sababu bila uchovu huo utengano unaofuata hauna uzito. Watakaokushauri uifupishe hawatakosekana. Ukilazimika kupunguza dakika, anza na zile za projekta.