Ami na mashine ya presha

Swali lenu la wiki, "Je, unaithamini afya yako?", nimelisoma nikafyonya. Nani atajibu hapana? Mngeuliza hivi: ukiambiwa u mgonjwa na wala huumwi popote, utakubali?

Ami yangu, ndugu wa baba, hakukubali. Sisi watu wa shamba, upande wa Wete, Pemba. Ijumaa moja baada ya sala alikuja daktari kijana (kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari) na mashine ya presha, akakaa nayo barazani wazee wanapocheza bao. Mie nipo ukumbini, mlango wazi, naona kila kitu. Wazee wakaanza kusukumana, wewe kwanza, wewe kwanza. Ami akatoa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kete, hataki kupitwa na zamu. Kijana akamwomba aweke kete chini akae kimya dakika tano. Ami, kukaa kimya! Mashine ikajaa upepo, ikatoa 190 kwa 110. Akapimwa tena, mkono wa pili, haikushuka. Kijana akaeleza kwamba kuanzia 140 kwa 90, ikirudia kila ukipimwa, hiyo ni presha, na wengi huwa nayo wasijisikie lolote. Ami akacheka. "Mwanangu, mie jana nimepanda juu ya mikarafuu mitatu. Mgonjwa yupi huyo?" Baraza zima likacheka. Na mie nikacheka, nisiseme uongo.

Dawa alianza. Akameza mwezi, akajiona mzima, akaacha. Ulikuwa msimu, na karafuu haingoji. Ikishachanua haina bei. Kwenda mjini kufuata vidonge ni siku nzima bila ya kuchuma pishi hata moja. Kiharusi kikamkuta chini, jamvini, anachambua. Alhamdulillahi hakuwa juu ya mti. Kikachukua mkono ule ule wa kete.

Nilikaa kuandika ili niseme wanaume wetu wabishi, basi. Lakini mpishi alikuwa nani? Muhogo kwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, mara tatu nne kwa wiki, na chumvi juu ya chumvi ya samaki, kwa kuwa ami akisema chakula hakikukolea mie huona haya mpaka jioni. Kijana alisema chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Sisi kijiko hicho hakifiki adhuhuri.

Kwa hivyo jibu langu, ndiyo, ami aliithamini afya yake. Kupanda mkarafuu kwa umri ule ndiko kuithamini anakokujua yeye. Sisemi alifanya vyema kuacha dawa. Wala sisemi yote ni ya chumvi, maana baba yake naye aliondoka kwa maradhi hayo hayo.

Siku hizi ng'onda nairoweka usiku kucha, maji namwaga mara mbili, na yeye analalamika vile vile. Ijumaa iliyopita nimempikia kama zamani. Mara moja tu.