Stima imerudi, mgonjwa ana nafuu: kwa Kiingereza useme nini?

Ndugu, umeuliza kwa nini mgeni alinuna ulipomwambia "It's fine" baada ya fundi kutengeneza pampu ya maji hapo Malindi. Mwenye malalamiko akijibiwa hivyo husikia "si kitu, acha hayo". Wewe ulikusudia maji yanatoka, yeye akasikia amepuuzwa.

Kitaje kitu chenyewe: "The water's back on." "The pump's working again." Hiyo "again" ndiyo "tena" yetu, usiiache. "The pump is working" peke yake ni kama unabisha kwamba haikuharibika. Stima nayo ni "The power's back on". Ukisema "The light has come back", mgeni atatafuta taa gani.

"It's sorted" Waingereza wanaipenda sana, na maana yake ni kwamba jambo limekwisha. Usiitamke kabla hujafungua bomba ukaona maji kwa macho yako. Fundi akiwa bado yuko juu ya tangi, sema "We're sorting it out now". "Up and running", yaani inafanya kazi sawasawa, ni ya mashine, mtandao au biashara: injini ya boti Lamu ikishatengenezwa, inafaa. Kwa binadamu haifai.

Penye utelezi hasa ni kwa mgonjwa. Sisi tuna ngazi: ana nafuu, kisha amepona. "Better" ya Kiingereza hubeba zote mbili, kwa hiyo ukisema nahodha "is better", mgeni anaweza kudhani kesho safari ipo. Kama ni nafuu tu, sema "He's on the mend". Akipona kabisa, "He's fully recovered". "Back on his feet" ni ya aliyeinuka na kurudia shughuli zake, awe alikuwa mgonjwa au alifilisika. "Out of the woods" ni kuvuka hatari, na mara nyingi utaisikia kwa kukanusha: "He's not out of the woods yet." Tafadhali usiitumie kwa mafua, utawatisha watu.

"Back to normal" ni ya hali iliyorudi kama kawaida: bei, ratiba, usafiri uliokatizwa na bahari chafu wakati wa upepo wa kusi. Usitie "the" kabla ya "normal".

Halafu kumbuka Malindi wageni wengi ni Waitaliano, nao Kiingereza wamejifunza kama wewe. "On the mend" huenda isiwafikie. Waambie "He's not well yet, but he's improving", nao wataelewa.