Deni limeshuka bei, je, tumesamehewa?

SWALI: Shikamoo mama. Nina hisa 1,200 za kampuni moja ya hapa nchini, nilizirithi kwa marehemu baba. Mwaka huu nimehudhuria mkutano mkuu wa wanahisa kwa mara ya kwanza. Kwenye kitabu cha hesabu, kurasa za mwisho mwisho, nimekuta mkopo wa benki umeandikwa mara mbili: vitabuni shilingi bilioni 10, na kando yake “thamani ya haki” bilioni 9.3. Mkopo wenyewe ni wa riba ya asilimia 12 isiyobadilika, inalipwa kila mwaka, na deni lote linalipwa kwa mkupuo baada ya miaka mitatu. Nikanyoosha mkono nikauliza: hizo milioni 700 tumesamehewa na nani? Ukumbi ukacheka. Bwana wa fedha akajibu kwa Kiingereza kama dakika tatu, nikakaa. Jibu bado nalitaka. – Mwanahisa, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waliocheka, nusu yao hawalijui jibu. Nimekaa kwenye mikutano hiyo miaka mingi, upande wa wakaguzi, na namjua mtu anayecheka ili asije akaulizwa yeye.

Hamjasamehewa hata senti. Benki inadai bilioni 10 zake kamili, na kila mwaka itataka bilioni 1.2 za riba. Ile 9.3 ni bei. Uchukulie mkataba wa mkopo wenu kama bidhaa: benki ikitaka kuuza haki ya kuwadai kwa benki nyingine leo, mnunuzi atatoa ngapi? Hilo ndilo swali la IFRS 13, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichoanza kutumika Januari 2013: bei ya kuuza mali, au ya kumkabidhi mwingine deni, baina ya watu wa soko wanaouziana kwa utaratibu, siku ya kufunga hesabu. Bei ya mtu anayeuza kitanda usiku kwa sababu mwenye nyumba yuko mlangoni haimo.

Sasa shika kalamu. Tuseme mikopo ya aina yenu leo inatolewa kwa asilimia 15. Wenu unalipa 12, kwa hiyo mnunuzi hawezi kutoa bilioni 10. Shilingi moja ikikopeshwa leo kwa 15, baada ya mwaka ni 1.15; kwa hiyo fedha ya mwakani tunairudisha kwenye thamani ya leo kwa kuigawa. Riba ya mwaka wa kwanza, bilioni 1.2, igawe kwa 1.15: bilioni 1.043. Ya mwaka wa pili igawe kwa 1.15, kisha tena kwa 1.15: bilioni 0.907. Mwaka wa tatu riba inakuja pamoja na deni lenyewe, bilioni 11.2; gawa kwa 1.15 mara tatu, inabaki bilioni 7.364. Jumlisha zote: bilioni 9.315. Hiyo asilimia 15 nimeikisia, lakini ona ilivyoangukia palepale. Mhasibu wenu alitumia hiyo au jirani yake.

Vitabuni mkopo unabaki bilioni 10 kwa sababu hamkukusudia kuufanyia biashara, mtaulipa tu hadi mwisho. Hiyo thamani ya haki imewekwa kwenye maelezo ili mtu kama wewe aione. Haikuongeza faida ya mwaka wala gawio lako.

Lakini swali ambalo ningependa ungeuliza ukumbini ni hili: kwa nini 15? Huenda riba za soko zima zimepanda, na wakubwa wenu walikuwa na bahati, au akili, wakakopa mapema. Hapo kaa kwa raha, mnalipa 12 wakati wenzenu wanalipa 15. Au huenda riba za nchi ziko pale pale, ila kampuni yenu yenyewe imeanza kunuka, na anayeikopesha sasa anadai zaidi kwa hofu. Namba inayochapishwa ni ile ile 9.3, ila habari ni mbili tofauti kabisa. Mwambie bwana wa fedha akutenganishie, na safari hii kwa Kiswahili.

Jambo hili limewahi kuleta vituko. Robo ya tatu ya mwaka 2011, masoko yakiwa na hofu ya madeni ya Ulaya, benki ya Morgan Stanley ya New York iliandika mapato ya dola bilioni 3.4 kwa sababu tu hati zake za madeni, zile ilizochagua kuzipima kwa thamani ya haki, zilikuwa zimeshuka bei. Watu wamezidi kuiogopa, nayo vitabuni inatajirika! Mimi siku hiyo nilimwonyesha mume wangu, mwalimu wa hesabu, akadhani nimesoma vibaya. Siku hizi, chini ya IFRS 9 iliyoanza Januari 2018, kampuni iliyochagua kupima deni lake hivyo kwa kawaida haipitishi kwenye faida ya mwaka nafuu inayotokana na kudhoofika kwake. Inaiweka kando, kwenye mapato mengine jumuishi, fungu lililo nje ya faida ya mwaka. Wamarekani nao walibadilisha kanuni zao wakafuata njia hiyo.

Rudi kwenye kitabu chako utazame kitu kimoja zaidi: kando ya 9.3 kuna neno “Ngazi” na tarakimu. Ngazi ya 1 ni bei iliyoonekana sokoni kwa kitu kile kile, kama hisa inayouzwa kila siku pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ya 2 imejengwa kwa vitu vinavyoonekana, mfano riba za hatifungani, yaani hati za mkopo, za serikali. Ya 3 ina makisio ya wenyewe ndani yake, na hapo ndipo sisi wakaguzi tulikuwa tunakaa muda mrefu tukihoji.

Nakumbuka kampuni moja iliyoshika hatifungani ya kampuni nyingine, milioni 500, kuponi (riba yake ya kila mwaka) asilimia 11, imebakiza miaka mitano. Miezi mingi hakuna aliyeinunua wala kuiuza. Kijana wa fedha aliithamini milioni 500 kamili, kwa riba ya asilimia 11. Nikamuuliza ameitoa wapi. “Tuliona inafaa, mama.” Nikamfungulia matokeo ya mnada wa Benki Kuu: serikali yenyewe wakati ule ilikuwa inakopa kwa miaka mitano kwa zaidi ya asilimia 13. Kampuni gani inakopa nafuu kuliko serikali yake? Tukaweka 14, ambayo bado ilikuwa huruma, ikatoka milioni 448.5. Milioni 51.5 zikayeyuka mezani, na ile soda aliyoniletea asubuhi nikaimalizia peke yangu.

Na usione aibu kusoma kurasa za mwisho. Silicon Valley Bank ya California, mwishoni mwa 2022, ilikuwa na hati ilizokusudia kuzishikilia mpaka ziive: vitabuni dola bilioni 91.3, thamani ya haki bilioni 76.2. Namba zote mbili zilichapishwa. Machi 2023 wenye amana walikimbilia fedha zao, na benki ikafungwa siku mbili baada ya kutangaza hasara ya hati nyingine ilizouza.

SWALI: Mama, mwaka 2021 nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 25, kuponi 15.95, ya shilingi milioni 10. Sasa nataka kuiuza, dalali anasema bei ni 118. 118 nini? Ananichezea? – Mstaafu mwenzako, Arusha

JIBU: Hakuchezei, ndugu yangu. Ni shilingi 118 kwa kila 100 ya hati, yaani milioni 11.8. Mwaka uliofuata kuponi ya hati mpya za miaka 25 ilishushwa hadi 12.56, ndiyo maana yako ikagombewa; na hata kwa 118 mnunuzi bado anapata riba ya kama asilimia 13.5 kwa mwaka kwenye fedha aliyotoa. Muulize dalali jambo moja kabla hujasaini: riba iliyokwisha kusanyika tangu malipo ya mwisho imo ndani ya hiyo 118 au inaongezwa juu? Kwako kuponi ya miezi sita ni shilingi 797,500, na kama umebakiza wiki tatu kuipokea, isubiri kwanza au hakikisha sehemu yako imehesabiwa.