Kidoti kikisimama, usipige simu

Shemeji yangu anakaa Houston na ana ugonjwa mmoja tu: pikipiki. Alipotuambia amepata nafasi kwenye Iron Butt Rally, mashindano ya pikipiki ya masafa marefu, grupu la familia lilijaa vidole gumba, kisha mama akauliza, "Sasa hiyo safari ni ya kwenda wapi?"

Swali zuri, maana haina wapi. Ni siku 11 za kuzunguka Marekani, na anayetaka kushindana kwelikweli anapiga hesabu ya maili 1,000 kwa siku. Kilomita 1,609. Toka Dar asubuhi, fika Mwanza, geuza, urudi hadi Singida. Kesho tena. Mashindano haya yalianza 1984, na hao wanaoingia ni watu kama mia hivi, wengi wenye mvi.

Kila mmoja anabeba kifaa cha setilaiti kinachotuma mahali alipo kila baada ya dakika chache. Shemeji alitutumia linki, na kuanzia hapo maisha yangu yakawa kidoti kwenye ramani. Nilikiangalia kwenye daladala, nilikiangalia msalani.

Siku ya nne, saa tano asubuhi ya Dar, kidoti kilisimama Nevada, kwenye barabara namba 50, ile Wamarekani wanayoiita barabara ya upweke kuliko zote nchini kwao. Hakuna mji, hakuna kituo cha mafuta. Nikangoja nusu saa. Saa nzima. Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena. Kisha nikampigia dada, na kwake Houston ilikuwa saa kumi alfajiri.

"Mdogo wangu," akasema kwa ile sauti yake ya kunichapa nikiwa mdogo, "mtu amelala."

Kweli alikuwa amelala, tena juu ya meza ya mbao kando ya barabara, kofia ya pikipiki ikiwa mto. Wenyewe wana jina la utani la malazi hayo: hoteli ya Iron Butt. Simu yangu ya pili ndiyo iliyomwamsha, na aliniambia baadaye kwamba usingizi ule hakuupata tena.

Kwa hiyo, kama nanyi mnamfuatilia mtu wenu, la kwanza: kidoti kusimama si habari. Analala, anakula, anaweka mafuta, au yumo bondeni ambako setilaiti haimwoni. Vifaa vingine hunyamaza vyenyewe pikipiki isipotikisika. Betri nazo huisha. Chagueni mtu mmoja tu wa kuwasiliana naye. Kwetu ni dada. Wengine tunamuuliza dada, na tunamuuliza kwa saa zake. Saa mbili asubuhi ya Dar wakati ule wa kiangazi ni saa saba usiku New York, na California ni saa nne usiku wa jana. Andika hilo kwenye karatasi ubandike ukutani.

Msidhani pia kwamba aliyekwenda mbali zaidi ndiye anaongoza. Mjomba, ambaye ana bodaboda mbili na anajiona mtaalamu, alikuwa anawaka: "Mbona anarudi mashariki? Kapotea huyo!" Hakupotea. Wanapewa kitabu cha sehemu za kutembelea, kila sehemu na pointi zake: sanamu fulani, daraja fulani, duka la kijiji. Nyingine zinahesabika mchana tu. Ukifika unapiga picha ya kitu hicho na bendera yako yenye namba, unaandika saa na maili za kwenye dashibodi. Hata mapumziko yana pointi ukiyathibitisha kwa risiti. Kisha kwenye kituo cha mashindano wakaguzi wanapitia karatasi zako moja moja. Picha bila bendera, pointi zimekwenda. Ukichelewa, unakatwa kwa kila dakika, na ukichelewa sana umetolewa. Hayo yote kidoti hakiyaonyeshi, kwa hiyo acheni kupanga msimamo kama wa ligi. Sisi tulimtangaza wa tano. Alikuwa mbali na tano.

Kama uko hukohuko Marekani na unataka kumwona, nenda hotelini wanakoanzia au wanakomalizia. Kumvizia njiani na chakula cha moto ni upendo, lakini unamla dakika zake. Akisimama kukusalimu dakika 20, hizo alikuwa amezitenga kwa kulala.

Siku ya mwisho nilikesha. Kidoti kilitambaa, kikakwama mjini kwenye foleni (mjomba: "Apite pembeni!"), kikaingia hotelini zikiwa zimebaki dakika 40. Dada akatuma picha: shemeji kakaa kwenye zulia la ukumbini, mgongo ukutani, mdomo wazi, buti bado miguuni.

Mama akaandika: "Amekula?"