Kivumbasi au lantana?

SWALI: Kuna kichaka kimejiotea nyuma ya nyumba kinanukia kweli, jirani kasema kivumbasi mwingine kasema lantana, nitajuaje, na naweza kukipanda?

JIBU: Pua peke yake usiiamini, vyote vina harufu kali na shina la pembe nne. Cheki maua: ya kivumbasi ni madogo, meupe-meupe, yamepangana kwenye kijiti kirefu, ya lantana yanakaa kimviringo, mara nyingi rangirangi, shina linakwaruza na vitunda vikiiva ni vyeusi, hiyo usinywe kabisa!

Kupanda kivumbasi rahisi, mbegu ndogo mno so mwaga juujuu bila kufukia, na jua liwepo. Majani ukichoma jioni mbu wanapungua, ila neti iache palepale. Mjamzito asinywe kivumbasi kabla hajamuuliza daktari.