Je, Ni Kweli Tembo Huitana kwa Majina?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliwasimulia wenzangu kijiweni kwamba wanasayansi wamegundua kuwa tembo wana majina, wakanicheka na kuniuliza yule anayevamia mashamba yetu anaitwa nani. Je, habari hii ni ya kweli, na niwaelezeje watu wasiopenda mambo ya sayansi? – Msomaji, Voi.

JIBU: Habari ni ya kweli, ingawa wenzako nao wana hoja. Utafiti huo, ulioongozwa na Michael Pardo na kuchapishwa Juni 2024, ulifanyika huko huko Kenya, katika Amboseli na Samburu, ukitumia miito 469 iliyorekodiwa kati ya mwaka 1986 na 2022. Sauti iliyochunguzwa si ule mlio mkali unaotufanya tukimbie, bali ni mngurumo mzito ambao sehemu yake iko chini mno hata sikio la binadamu haliipati.

Watafiti waliiagiza kompyuta itambue kila mwito ulimlenga nani, nayo ikapatia asilimia 27.5, ilhali kwa kubahatisha ingepata takriban asilimia 8. Mwanafunzi akileta alama hizo nyumbani hapigiwi makofi, lakini pengo hilo lilitosha kuonyesha kwamba ndani ya mngurumo mna kitu kinachomhusu anayeitwa.

Kijiweni, hata hivyo, ziache asilimia na uanze na spika. Tembo 17 walisikilizishwa mwito uliowalenga wao, kisha mwito wa tembo yule yule aliyekuwa akimwita mwingine. Walipoitwa wao, waliisogelea spika na kuitika upesi zaidi. Ni kama mama anayeita kutoka jikoni: sauti ni ile ile, lakini anayeinuka ni mtoto aliyetajwa.

Usitie chumvi tu ukasema kwamba tembo huzungumza kama sisi, kwani jina lenyewe halijatengwa ndani ya mngurumo, wala haijathibitika kwamba jamaa wote humwita mwenzao kwa jina moja. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba pomboo humwita mwenzao kwa kuuiga mluzi wake, lakini tembo hawakuonekana kumwiga wanayemwita. Ama huyo mvamizi wa mashamba, waambie wenzako kwamba, kama ana jina, wanaolijua ni jamaa zake, na hata kompyuta bado haijaweza kulitamka.