Themostati ya nyuzi 71 kwenye Corolla inayochemsha

Ndugu yangu, umeuliza kama ukifunga themostati ya nyuzi 71 badala ya ile ya 82, Corolla yako ya mwaka 1996 itaacha kuchemsha kwenye foleni. Haitaacha. Themostati huamua tu maji yaanze kwenda kwenye rejeta injini ikifika joto gani. Ikishafunguka yote, kazi ni ya rejeta, feni na pampu. Rejeta ikiwa imeziba, utachelewesha dakika chache tu, kisha mshale wa joto utapanda vilevile.

Hasara nazo zipo. Kompyuta ikiona injini bado ya baridi huongeza petroli kidogo, na ile isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, ringi za pistoni zikasagika. Mvuke wa maji unaoingia kwenye oili nao hukosa joto la kuufukuza, hasa kwa safari fupi. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, ndio mvuke huo uliochanganyika na oili. Ila ukiona pia maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake), tena mapema.

Langu lilinisumbua hivyohivyo miezi miwili. Kumbe mapezi ya rejeta yalijaa matope upande wa chini, pasipoonekana.

Itumbukize themostati yako ya zamani kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto. Ikianza kufunguka karibu na 82, irudishe, kisha mpe fundi akague rejeta na feni.